Pipa la Ndege Uani kwa Mama

Nimezijaza ndege mafuta kwa miaka kumi na minne, na kwa karibu miaka yote hiyo sikuwahi kupanda hata moja. Nalisema hili mapema, tena kwa mdomo wangu, kwa sababu nisipolisema mimi watalisema watu wa Sumbawanga. Wao walidhani ni wingi wa kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliweza kusimama juu ya ngazi kwenye upepo wa Juni, ule wetu unaopenya masweta mawili, nikamimina mafuta bila kudondosha tone, lakini mtu akiniambia "Panda basi dada, tukuzungushe kidogo," papo hapo nilikumbuka kwamba kuna stoo sijaifunga.

Ndege ninayoizungumzia ni ndogo, ya watu wanne ukiwabana, yenye propela moja puani. Kazi yake ni kumteremsha daktari na muuguzi bondeni, upande wa Ilemba, ambako barabara ikishalowa mvua gari linaweza kulala njiani siku mbili. Kwa ndege ni dakika chache tu. Unaondoka umevaa koti, unatua unalivua. Akina mama wa kule wanaijua siku ya kliniki kwa ule mlio, na wanaanza kuwafunga watoto mgongoni kabla ndege haijaonekana.

Ndege kubwa za abiria hazinihusu. Hizo zinatumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Hii yetu injini yake ni ya pistoni kama ya gari, na inataka petroli yake ya pekee inayoletwa kwa mapipa kutoka Dar es Salaam. Petroli hiyo ni ya bluu, bluu ile hafifu ya maji ya mwisho ya kusuuzia mashuka meupe. Rangi wanaitia makusudi, ili anayejaza asije akachanganya na mafuta mengine. Kila asubuhi ya safari nilichota kidogo kwenye chupa ya kioo, nikaiinua juani, nikatazama. Iwe bluu, iwe angavu, na chini kusiwe na tone la maji. Nikiridhika ndipo nilipoanza kusukuma pampu ya mkono, na mafuta yakapita kwenye kichujio kwenda kwenye bawa.

Niliyapenda mafuta yale, sifichi. Na mimi nikipenda kitu nakisifia mpaka wasikilizaji wachoke. "Petroli ya magari ni uchafu mtupu," nilikuwa nawaambia watu. "Hii yangu ni safi kuliko maji ya bomba. Ungeweza hata kumwogeshea mtoto." Niliyasema hayo sokoni, nikayasema kwenye jumuiya, nikayasema hata misibani watu wakiwa wanasubiri chakula. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Mtu aliyevaa reflekta ya uwanja wa ndege haulizwi maswali mengi.

Sasa, kwetu pipa tupu si takataka. Pipa lina heshima yake. Utaweka maji ya mvua, utahifadhi mahindi panya wasiyafikie, na ukilikata juu utapata chombo cha kupikia cha sherehe nzima. Kwa hiyo siku mtunza stoo wetu wa zamani aliponiambia kwamba pipa moja limebonyea na naweza kulichukua, nililipakia kwenye guta siku hiyo hiyo na kulipeleka kwa mama, kijijini Pito.

Mama yangu anajulikana Pito nzima kwa kimpumu. Hiyo ni pombe yetu ya ulezi. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unasagwa, unapikwa na kuachwa uchachuke, na siku ya kunywa unaongezewa maji ya moto na watu wanakaa kuizunguka na mirija yao. Wapo wengi wanaoipika, lakini ya mama watu wanaifuata kutoka Mpui. Na kuna jambo moja mama halivunji. Pombe ikiwa tayari, yeye ndiye wa kwanza kuweka mrija mdomoni. Anavuta mbele ya watu wote, anameza, anajifuta, ndipo anasogea pembeni. Aliyemimina anaonja kwanza, ili wanaofuata wanywe kwa amani. Huku Sumbawanga, mji ambao jina lake lenyewe linamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla hajaingia, desturi hiyo si mapambo.

Mama alilipokea pipa kama amepokea mkwe. Fundi alilikata juu, mama akalichoma ndani kwa magunzi siku mbili, akalisugua kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena. Akaliweka katikati ya ua, mahali ambapo mgeni hawezi kuingia bila kuliona. Hakulitumia haraka. Alisema linangoja shughuli ya kulistahili, na shughuli yenyewe ingekuwa shukrani ya mavuno, ambapo baada ya ibada kigango kizima hujaa uani kwake.

"Hili ni la ndege," aliwaambia wageni, akiligonga kwa kiganja. "Mwanangu anasema mafuta yake ni safi kuliko maji."

Mwaka huo, majuma mawili kabla ya shukrani, rubani wetu alinikuta nikifunga kifuniko cha bawa. Rubani ni mtu wa Moshi, mdogo wangu kwa umri, mpole, na hana mazoea ya kutoa habari mbaya. Akiwa nayo anaanza kwa kukuuliza habari za nyumbani. Siku hiyo aliniuliza za nyumbani, za shamba, na za mifugo, na mimi sina mifugo. Nikajua kuna jambo.

"Dada, haya mafuta siku zake zinahesabika," akasema mwishowe.

"Yameharibika? Nimeyapima asubuhi hii."

"Hayajaharibika. Yana madini ya risasi ndani yake. Duniani wanataka kuachana nayo."

Nilikasirika, kana kwamba amemsema mwanangu. Nikamwambia petroli ya magari iliachana na risasi zamani, hilo kila mtu analijua, sasa iweje mafuta ya ndege, yaliyo bora zaidi, yawe nayo? Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba injini ya ndege inaibana petroli sana ili ipate nguvu, na petroli ikibanwa namna hiyo hutaka kulipuka kabla ya zamu yake, injini ikaanza kugonga mpaka ikavunjika. Risasi kidogo tu inaizuia. Magari yalipata njia nyingine mapema, ndege zikachelewa.

"Kwa nini zichelewe?"

"Kwa sababu gari likizima unaliegesha pembeni," akasema.

Hilo nililielewa vizuri sana, kwa sababu ndilo lililonifanya nisipande. Nikamuuliza hiyo risasi inakwenda wapi ikishamaliza kazi. Akasema nyingine inatoka na moshi. Halafu akaitazama mikono yangu, iliyokuwa na unyevu wa bluu mpaka kwenye viganja, bila glovu, kama ilivyokuwa kila siku. Akasema haina ladha wala harufu ya kumwonya mtu, inaingia mwilini na kukaa, na wanaoumia zaidi ni watoto, inawapunguzia akili. Kuanzia siku hiyo ningevaa glovu, nitake nisitake, na ningepimwa damu.

"Na mapipa matupu," akaongeza, huku akiondoka, "yasiwekwe chakula wala maji. Hata uyachome, hata uyasugue, hayafai. Yetu yote yanarudi Dar, si ndiyo?"

"Yanarudi," nikasema.

Nilimpungia mkono, nikamwona akiingia ofisini, ndipo miguu yangu ikakumbuka kukimbia. Nilichukua bodaboda hapo getini. Dereva aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado, twende.

Nilimkuta mama uani, ameinama juu ya pipa, mikono yake imezama hadi viwiko. Alikuwa anageuza ulezi. Madebe mawili ya ulezi, uliochaguliwa punje kwa punje, umelowekwa tangu jana yake ndani ya pipa la ndege.

"Shikamoo mama. Toa mikono."

"Marahaba. Nini?"

"Toa mikono humo, mama, nakuomba."

Akaitoa, taratibu, akanitazama usoni. Mama ananisoma upesi kuliko mimi ninavyomsoma yeye. Nikamweleza yote, haraka haraka, risasi na moshi na watoto na pipa lisilosafishika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu.

"Si ulisema ni safi?"

Nilikuwa nimelisema hilo kwa miaka, kwa sauti kubwa, na sikuwa nimelipata kwa mtu yeyote isipokuwa kwa macho yangu yaliyoona rangi nzuri kwenye chupa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinawa kwa sabuni mara tatu, akachukua jembe. Tulijua hatuwezi kuumwaga ulezi ule nje, kwa maana kuku wa Pito nzima wangeukuta. Tukachimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima, tukaubeba kwa ndoo, tukaufukia, tukaukanyagia udongo. Rubani aliniambia baadaye kwamba hata hilo halikuwa jema sana, bora tungeufunga kwenye mifuko na kuurudisha pamoja na pipa. Lakini siku hiyo tulifanya kama watu wanaozima moto.

Tukiwa tunasawazisha udongo nikafanya kosa la pili, na hili ndilo la aibu hasa. Nikamwambia mama, "Tusimwambie mtu sababu. Tuseme tu ulezi umeharibika." Nilitaka kuficha maneno yangu ya sokoni. Mama akanitazama tena, akasema, "Haya." Akaingia ndani.

Wanaosema za mwizi ni arobaini hawajaishi Pito. Kwetu ni siku mbili. Mtu aliyepita njia ya nyuma alikuwa ameona akina mama wawili, saa za mchana, wanafukia chakula ardhini na kukikanyagia. Mtu akitupa chakula, hiyo ni hasara yake. Akikizika, watu watataka kujua amemkusudia nani. Na akiwa mpishi wa pombe, majuma mawili kabla ya kulisha kigango kizima, basi maswali yanajijibu yenyewe.

Mimi nilikuwa mjini kazini, nikijaribu glovu mpya, sina habari. Jirani ya mama ndiye aliyekuja kunifuata. Yeye na mumewe ni wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, na wamekaa Pito muda wa kutosha kujua jinsi maneno yanavyotembea. Wao wenyewe walipofika yaliwapitia. Alisimama kwenye uzio wa uwanja, ana hasira.

"Dada, mnazika nini pale nyumbani?"

"Ulezi. Uliharibika."

"Ulezi ukiharibika unalishwa nguruwe. Mimi nakuuliza wewe kwa sababu mama yako nimemuuliza, kasema uliharibika, halafu akageuza uso. Mama yako hajawahi kunigeuzia uso." Akashika waya za uzio. "Jana kisimani wanawake wameacha kumsalimia. Leo wawili wamerudisha mirija waliyoazima. Wanasema mwaka huu watakunywa soda."

Nadhani nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mama yangu, ambaye tangu nina akili anavuta mrija wa kwanza mbele ya watu ili pasiwe na shaka, alikuwa amekaa nyumbani kwake anashukiwa sumu, na alikuwa amefunga mdomo kwa sababu mimi nilimwomba. Angeweza kusema neno moja tu, "Ni binti yangu na mafuta yake," wakamwelewa. Hakulisema. Nilimwambia jirani kila kitu, papo hapo, kupitia kwenye uzio. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Sasa kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa bado nitakunywa. Waambie wao."

Jumapili nilimwomba katekista nafasi kwenye matangazo. Alidhani nataka kutangaza uchumba, akanipa nafasi ya mwisho, ya heshima. Nikasimama mbele ya kigango na reflekta yangu, niliivaa makusudi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijisifia nayo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikasema mama yangu hajazika kitu kibaya dhidi ya mtu yeyote. Nikasema nilichomletea ni pipa la mafuta yenye risasi, inayodhuru, na sikujua, na kabla ya kujua niliwaambia wote hapa kwamba ni mafuta safi. Nikasema mama alipoteza madebe mawili ya ulezi wake ili asiwadhuru, na mimi nikamwomba anyamaze ili nisichekwe. Nikasema basi sasa anicheke anayetaka.

Halafu mzee mmoja wa benchi la mbele, asiyesikia vizuri na anayeongea kwa sauti ya kusikika hadi nje, akauliza, "Kwa hiyo yule mtoto tusimwogeshe?"

Walicheka mpaka katekista akagonga meza. Mama alikuwa benchi la akina mama, amejifunika khanga mdomo, mabega yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa anacheka au analia. Nilipomuuliza alisema vyote viwili.

Siku hiyo hiyo jirani alileta sado ya ulezi, wa kwanza kabla ya mtu mwingine. Jioni zilikuwa zimefika sado tisa, nyingine zikiwa zimebebwa na wale wale waliorudisha mirija. Shukrani ya mavuno ikasogezwa mbele kwa juma moja ili ulezi upate siku zake. Mama akapika kwa vyungu vyake vya zamani na masufuria ya kuazima, akilalamika kutwa nzima kwamba ni vidogo. Ilipofika saa ya kunywa, watu wakiwa wamejaa uani, akaweka mrija mdomoni na kuvuta. Alivuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mtu akapiga kelele, "Mama, tuachie!" ndipo akasogea.

Pipa nililirudisha uwanjani kwa guta lile lile. Rubani aliliona likishushwa, likiwa limekatwa juu na jeusi kwa masizi, akanitazama, akaniuliza habari za nyumbani. Damu yangu ilipimwa. Daktari alisema si mbaya, nivae glovu na niache kula karanga nikiwa kazini.

Baada ya hapo kila mtu mjini alijiona mtaalamu wa mafuta ya ndege. Waliniuliza kwa nini tusitie petroli ya kituo cha mafuta. Nilijifunza kujibu ninachokijua tu, na nisichokijua nimuulize rubani kwanza, jambo ambalo lilikuwa geni kwangu na lilinichosha. Rubani alisema zipo injini zinazoikubali petroli ya gari, lakini huwezi kujua imechanganywa na nini njiani, na ikiwa na spiriti ndani inavuta maji na kula mipira ya injini. Tena huku kwetu juu, karibu sana na mawingu, petroli nyepesi inaweza kuchemka kwenye bomba na kuwa mvuke. Zipo pia ndege ndogo za injini ya dizeli zinazotumia mafuta ya jeti, lakini hiyo ni kununua injini mpya. Za umeme zipo, ila betri yake bado ni nzito na safari yake fupi. Na ipo petroli mpya ya ndege, isiyo na risasi kabisa. Injini zenye nguvu kubwa bado zinabishana nayo, kila moja na madai yake. Yetu, ambayo tulizoea kuionea aibu kwa uzee, ni ya zamani na haibani petroli sana. Kwa hiyo kikongwe wetu angeikubali bila shida kuliko vijana.

Nililipeleka neno hilo kwa mama, nalo lilimfurahisha kwa siku kadhaa.

Mafundi walikuja kutoka Dar, wakaikagua injini, wakaleta vibali, wakabandika karatasi mpya pembeni ya vifuniko vya matangi. Kisha yakaja mapipa manne ya majaribio. Nilifungua la kwanza, nikachota kwenye chupa yangu ya kioo, nikaiinua juani. Hayakuwa na rangi. Yalikuwa meupe kama maji. Moyo ulinishuka, nakiri. Miaka yote hiyo macho yangu yalikuwa yameitegemea ile bluu, na sasa nilikuwa natazama kitu ambacho ungeweza kukiweka mezani kwenye jagi. Nikapaka kijiti ile dawa inayobadilika rangi ikikutana na maji, nikakizamisha hadi chini ya pipa, nikakitoa. Haikubadilika. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, na sikumwambia mtu yeyote kwamba ni safi.

Asubuhi ya safari ya kwanza mama alikuja uwanjani. Alisema amekuja kuyaona hayo mafuta yaliyomfukuza adui yake, ile risasi, lakini alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi. Daktari na muuguzi walikuwa wamefika na maboksi yao ya chanjo. Muuguzi ni mtu wa utani na alikuwepo kwenye shukrani ya mavuno.

"Dada," akaniita nikiwa juu ya ngazi, "haya nayo tumwogeshee mtoto?"

"Haya usimwogeshee," nikasema. "Usiyanywe, usiyanuse, na pipa lake silitoi kwa mtu."

"Lakini ndege itaruka?"

Aliuliza kwa kucheka, ila nilimwona akimtazama daktari, na daktari akiitazama ndege. Hawakuwa na hofu na injini. Walikuwa wamezoea kupanda bila kufikiri, kwa sababu mimi niliwaambia kila kitu ni kizuri, na sasa walikuwa wanajua neno langu lilikuwa limepatikanaje. Rubani aliliona hilo pia.

"Nitazunguka mara moja bila abiria," akasema. "Nikitua ndipo tupakie. Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, kutoka kwenye benchi alikokaa. "Kwani baba, wewe ndiye uliyemimina?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado juu ya ngazi, glovu mkononi, kifuniko cha tangi hakijafungwa. Nikakumbuka stoo. Nikafungua mdomo niseme kwamba sijaifunga, na nikamwona mama ametulia tu, mikono imekunjwa mapajani, hanilazimishi. Alikuwa amekaa siku mbili katika kijiji kinachomgeuzia uso, kwa ajili yangu. Nikafunga kifuniko, nikashuka, nikavua glovu.

Rubani alinifunga mkanda. Nilimwambia aukaze, akaukaza, nikamwambia tena. Injini ilipowaka nilisikiliza kama mtu aliye na mgonjwa ndani, nikisubiri ikohoe. Haikukohoa. Tulikimbia kwenye kokoto, meno yangu yakigongana, halafu kugonga kukaisha ghafla na tumbo langu likabaki chini. Nilipiga kelele. Rubani alisema baadaye nilimtaja Bikira Maria na mtunza stoo wa zamani, kwa mpangilio huo.

Nilipofumbua macho, Pito ilikuwa chini ya bawa. Niliona mabati, niliona mashamba ya ulezi yaliyovunwa, rangi ya mkate. Niliutambua ua wa mama kwa mti wake wa parachichi na kwa duara moja jeusi katikati, pale lilipokuwa pipa. Mbali zaidi ardhi yetu ilikatika kama imekatwa kwa panga, na chini yake kulikuwa na ukungu wa bonde, kule ambako akina mama walikuwa wanasikilizia mlio. Nilitazama kila kitu. Nilifurahi kupita kiasi, nikawa namwonyesha rubani vitu anavyoviona kila siku, na yeye, kwa upole wake, akawa anavishangaa.

Tulipotua sikuteremka kwa heshima. Mguu mmoja ulikataa, nikashukia magoti. Mama alikuwa ameinuka kwenye benchi na kusogea hadi ukingo wa kokoto. Alingoja nijifute vumbi.

"Enhe," akasema. "Yana ladha gani?"

"Yanafaa, mama."

Akanitazama vile anavyotazama chungu kabla ya kukiita tayari. Kisha akawageukia daktari na muuguzi, waliokuwa wamesimama na maboksi yao mikononi.

"Pandeni," akawaambia. "Aliyemimina ameshaonja."